Kausha Pilipili Vyema, Epuka Sumukuvu

Bei ya pilipili ikishuka sokoni, usiache mavuno yakuozee shambani. Yakaushe upate unga. Lakini pilipili isiyokauka vyema huota kuvu, na kuvu inaweza kuleta sumukuvu, yaani aflatoksini. Sumu hii hudhuru ini na haiishi kwa kupikwa.

1. Chuma pilipili nyekundu zilizoiva. Tupa zilizooza au kutobolewa na wadudu.
2. Osha, futa maji, toa vikonyo. Zilizo nene zipasue.
3. Tandaza safu moja kwenye kichanja, si ardhini. Funika kwa wavu safi.
4. Geuza kila siku. Jioni ingiza ndani, kwani umande huzirudishia unyevu.
5. Zikivunjika kwa mlio, zimekauka. Zikipinda tu, zirudishe juani.
6. Saga penye hewa ukiwa umefunika pua na mdomo. Hifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana.

Mikono ikiwasha, paka mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Zenye kuvu zitupe. Usilishe mifugo, kwani sumu hupitia kwenye maziwa.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo katika wadi yako.