KAZI ZA MIKONO: KUANZA SOKSI KWA SINDANO NNE

Kufuma kwa sindano mbili kumezoeleka mashuleni, lakini soksi haifai kufumwa bapa kisha kushonwa, maana mshono huchubua mguu ndani ya kiatu. Soksi hufumwa kwa kuzunguka, nayo yataka sindano nne zenye ncha pande zote mbili. Asiyeweza kuzinunua huchukua spoki za baiskeli zilizonyooka, akazikata sawasawa na kuzisugua ncha juu ya jiwe hata zisikwaruze uzi.

Kwanza upime. Fuma kipande kidogo kwa uzi ule ule, uhesabu vitanzi vilivyomo katika inchi moja; tuseme ni 8. Upime na mguu juu ya kifundo. Tuseme ni inchi 9. Punguza inchi 1, kwa kuwa kitu cha kufuma hutanuka, na soksi iliyo sawa kabisa na mguu huporomoka. Basi inchi 8 mara vitanzi 8 ni 64.

Ili mkia wa uzi usikuishie njiani, zungusha uzi juu ya sindano mara 10, uunyooshe, uchukue urefu huo mara 7, na shibiri moja zaidi. Anzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha uchomoe moja. Ukingo utalegea na kisigino kitapita. Vigawanye katika sindano tatu: 20, 20 na 24. Ya nne ndiyo ya kufumia.

Hapa ndipo penye hatari. Laza sindano mezani mfano wa pembetatu, utazame ukingo wenye mafundo: wote sharti uelekee ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kuunga ukingo uliojipinda, nikidhani utanyooka mbele ya safari. Haukunyooka kamwe, nikafumua kazi ya jioni mbili. Ukiyaona makosa katika mzunguko wa kwanza, waweza kuyageuza pale penye kiungo. Baadaye hakuna dawa ila kufumua.

Ukisha kuhakikisha, fuma kitanzi cha kwanza kwa uzi utokao katika kitanzi cha mwisho, ukiuvuta pasibaki pengo, na ufunge kiuzi cha rangi nyingine kuonyesha mwanzo. Mwenye mashaka na afume mistari miwili bapa kabla ya kuunga, maana mpindo huonekana upesi zaidi. Pengo dogo litakalobaki hushonwa kwa ule mkia.