Kocha wa Maisha: Mpime Kabla Hujamlipa

Matangazo ya makocha wa maisha yamejaa Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Mtaalamu wetu anajibu maswali ya wasomaji wanaotaka kujua nani wa kumwamini.

Kwetu kuna shangazi, somo na wazee wa ukoo. Kwa nini nimlipe mgeni?

Kama shangazi anakutosha, usilipe. Ila shangazi ana lake: anataka uolewe, au usihame mji, au shamba lisiuzwe. Kocha hana hisa katika uamuzi wako. Anauliza, anasikiliza, mnapanga hatua, kisha anakufuatilia kama ulifanya ulichosema. Siku akianza kukuamulia au kukuuzia kitu, faida hiyo imekwisha.

Ana tofauti gani na mshauri nasaha?

Kocha anamfaa mtu anayemudu shughuli zake lakini amekwama: abadili kazi au abaki, afungue biashara au asubiri, aishi vipi akistaafu. Msiba usiopoa, ulevi, kipigo ndani ya ndoa au kumbukumbu za ukatili ni kazi ya mshauri nasaha au mwanasaikolojia. Ukihisi huna sababu ya kuishi, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo. Kocha anayejua mipaka yake atakuelekeza huko mwenyewe.

Cheti kina uzito gani?

Katika nchi nyingi yeyote anaweza kujiita kocha wa maisha bila kuvunja sheria. Kwa hiyo angalia vyama vya taaluma. International Coaching Federation, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, kina ngazi tatu. Ya kwanza, ACC, hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kuwahudumia wateja. PCC hudai saa 125 na 500. MCC, saa 200 na 2,500. Usiridhike na picha ya cheti. Tafuta jina lake katika orodha ya chama mtandaoni. Cheti cha semina ya siku mbili huthibitisha mahudhurio tu. Hata hivyo, saa nyingi hazimaanishi mtaelewana.

Nitajuaje kama tutaelewana?

Makocha wengi hukubali mazungumzo mafupi ya kufahamiana bila malipo. Muulize amewahi kuwahudumia watu wenye shida kama yako, hufanyaje mteja asipopiga hatua, na siri zako anazitunzaje. Kisha pima nani alizungumza zaidi. Kama muda wote alisimulia mafanikio yake, hata vikao vya kulipia vitakuwa hivyo. Angalia pia lugha: ukilazimika kutafsiri uchungu wako kwa Kiingereza ili akuelewe, tafuta mwingine.

Kocha mmoja ameniahidi kipato maradufu ndani ya miezi mitatu. Nimwamini?

Hapana. Hawezi kuahidi matokeo yanayotegemea juhudi zako na hali ya soko. Mkwepe pia anayekwambia bei inapanda usiku wa leo, anayekushawishi ukope ili umlipe, anayekuingiza katika biashara ya kusajili watu, au anayekukataza kushauriana na mwenzi wako. Na akikutajia siri za mteja wake mwingine ili akuvutie, zako nazo zitatajwa kwingine.

Malipo na makubaliano yaweje?

Yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: idadi ya vikao, urefu wa kila kikao, bei, utaratibu wa kuahirisha, na fedha zitakazorudishwa ukijitoa. Anza na vikao vichache badala ya kulipia mwaka mzima. Kabla ya kikao cha kwanza, andika lengo lako kwa namna inayopimika, mfano "niwe nimeomba kazi tano kufikia Juni". Baada ya vikao vitatu au vinne, lisomeni pamoja. Kama hakuna kilichosogea, mwambie waziwazi. Kocha mwaminifu atabadili njia au atakuruhusu uondoke. Anayekulaumu na kukuuzia vikao zaidi, mwache.