MAANA YA MISTARI YA BARABARANI NA SHERIA YA KULIPITA GARI LILILO MBELE

Kila siku malori mengi hutoka bandari ya Kilindini, yakapita Changamwe na Jomvu kuelekea bara. Matatu na tuktuk huijaza njia ya Kisauni, toka daraja la Nyali mpaka Mtwapa. Na upande wa Likoni magari hupanga foleni yakingoja feri. Katika njia hizo imepakwa mistari ya rangi, wala hapana dereva asiyeiona. Lakini kuiona ni jambo moja, na kuifahamu ni jambo la pili. Somo letu hili lahusu makosa matano ya fahamu yaliyoenea miongoni mwa madereva wa magari, waendeshaji wa bodaboda, na hata abiria.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mstari usiokatika, uliopakwa katikati ya njia, ni shauri tu. Sivyo. Mstari huo ni amri: usiuvuke ili kulipita gari jingine. Huwekwa penye kona, karibu na kilele cha mlima, na mahali pengine ambapo macho ya dereva hayafiki mbali. Dereva akitazama mbele na kuona njia tupu, hudhani ya kuwa mstari umewekwa bure. Asilolikumbuka ni kwamba huiona ile sehemu ya njia inayoonekana tu, na gari litakalomwua liko katika ile isiyoonekana. Mpimaji wa barabara alikwisha kuzipima sehemu zote mbili, na mstari ndio habari aliyotuachia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mstari wa vipande maana yake ni "pita". Maana yake ni kwamba waweza kupita ikiwa njia ni salama, na kuhakikisha usalama huo ni kazi yako mwenyewe. Hebu tufanye hesabu kidogo. Lori lenye trela, urefu wake mita 17, laenda kilometa 50 kwa saa. Nyuma yake iko matatu iendayo kilometa 80 kwa saa, mwendo ambao sheria ya Kenya haiiruhusu matatu kuuzidi hata njia ikiwa wazi. Ili ipite na kurudi upande wake, ikiacha nafasi ya mita 20 nyuma ya lori na mita 20 nyingine mbele yake, itahitaji muda wa sekunde 7 na nusu hivi. Katika muda huo matatu itakwenda mita zipatazo 167. Tena gari lijalo kutoka mbele, likiwa na mwendo uo huo, nalo litakuwa limekwenda mita 167. Jumla ni zaidi ya mita 330, yaani urefu unaozidi viwanja vitatu vya mpira. Na hapo hatujaweka akiba hata kidogo. Asiyeuona urefu huo wazi mbele yake na asubiri.

Kosa la tatu lahusu mahali penye mistari miwili sambamba, mmoja haukatiki na mwingine ni wa vipande. Wengi huuliza, "Nifuate upi?" Jibu ni jepesi: fuata ulio karibu nawe. Ukiwa karibu nawe ni ule usiokatika, usivuke, ingawa mwenzako ajaye toka upande wa pili ameruhusiwa. Pengine yeye apanda mlima na kuona mbali, nawe wakaribia kona. Na kama mistari yote miwili haikatiki, basi hapana mwenye ruhusa, wewe wala yeye.

Kosa la nne ni la njia ya malori hasa. Imekuwa desturi dereva wa lori kuwasha taa ya kushoto kumwambia aliye nyuma "njoo upite", na taa ya kulia kumwambia "ngoja". Desturi hii yatokana na wema, lakini ina hatari kubwa. Kwa sheria, taa ya kulia maana yake ni kwamba gari lataka kwenda kulia. Je, utajuaje kama dereva huyu akuonya tu, au yu karibu kukata kona mbele yako? Zaidi ya hayo, yeye hakipimi chombo chako wala nguvu zake. Ishara yake ichukue kuwa habari, usiichukue kuwa ruhusa.

Kosa la tano ni kudhani kwamba gari lililosimama ni kizuizi cha kuzungukwa. Gari likisimama penye kivuko cha miguu chenye milia, limesimama kwa sababu ya mtu. Huenda ni mtoto wa shule, naye kwa ufupi wake haonekani ng'ambo ya gari hilo. Simama nawe. Vivyo hivyo katika foleni ya Likoni: anayeiacha foleni na kupanda upande wa kulia huiziba njia ya magari yanayoshuka kutoka ferini. Feri ikishindwa kupakua haiwezi kupakia, na gari la wagonjwa litokalo kusini kwenda hospitali kisiwani litakaa pale pale pamoja na yule mwenye haraka.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Msemo huo wafaa kwa mti uliomwangukia mtu njiani. Haumfai dereva aliyeuvuka mstari usiokatika, maana kinga yake ilipakwa rangi chini ya macho yake.

Basi, kabla ya kulipita gari jingine, dereva ajiulize mambo matatu. Mstari ulio karibu nami waniruhusu? Naiona njia yote nitakayoihitaji? Na je, mbele ya gari hili iko nafasi ya kurudi? Jibu moja likiwa "la", akae nyuma. Na abiria naye asinyamaze. Aliyelipa nauli ana haki ya kumwambia dereva kwa adabu, "Ndugu, tusubiri." Kutoka Mtwapa mpaka daraja la Nyali, kungoja nyuma ya lori kutampotezea dakika chache tu.