Mwendokasi kwa Kipimo cha Sekunde: Somo kwa Wavukao Barabara



Kibao cha barabarani hutaja mwendo kwa kilomita kwa saa. Mtoto avukaye barabara, hata hivyo, hana saa nzima. Ana sekunde chache tu. Kwa hiyo, katika somo hili tunaeleza namna ya kugeuza vipimo hivyo.

Kanuni

Kilomita 1 ni mita 1,000, na saa 1 ni sekunde 3,600. Ili kupata mita kwa sekunde, chukua idadi ya kilomita kwa saa uigawanye kwa 3.6. Ukitaka kurudi ulikotoka, zidisha kwa 3.6. Gari liendalo kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kila sekunde. Liendalo kilomita 50 huenda takriban mita 14. Liendalo kilomita 72 huenda mita 20.

Mwendo wa mtembea kwa miguu ni mdogo, nao twaweza kuupima kwa sentimita. Gawanya sentimita kwa 100 upate mita. Mzee atembeaye sentimita 80 kwa sekunde huenda mita 0.8, yaani kilomita 2.88 tu kwa saa.

Mfano

Tuchukue barabara yenye upana wa mita 7. Mtoto atembeaye mita 1 kwa sekunde ataivuka kwa sekunde 7. Katika muda huo, gari la kilomita 50 kwa saa litakuwa limekwenda takriban mita 97, na la kilomita 72, mita 140. Mzee wetu atahitaji karibu sekunde 9, na gari la kilomita 72 litakuwa limekwenda mita 175. Gari linaloonekana liko mbali, basi, huenda liko karibu mno.

Zoezi

Pima mita 100 kando ya barabara, uweke alama mbili. Simama mahali salama, nje ya barabara, uhesabu sekunde gari linapotoka alama moja hadi nyingine. Likitumia sekunde 5, mwendo wake ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Je, likitumia sekunde 4? Jibu ni mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa.

Tahadhari ya mpakani

Nchini Uganda magari hupita kushoto. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda, hupita kulia. Upande wa Uganda, tazama kulia kwanza. Upande wa Rwanda, tazama kushoto kwanza. Kisha tazama upande wa pili, na utazame tena kabla ya kukanyaga lami.

Tunawaomba wazazi na walimu wawafundishe watoto hesabu hii, na madereva wapunguze mwendo wakaribiapo shule na masoko. Mkiona mahali ambapo magari hupita kwa kasi ya kutisha, tupeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nanyi. Usalama barabarani ni jukumu letu sote.