KUPASULIWA KWA FEZA YAKO: USISAHAU SIKU ZA NYUMA YA KISU

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama za nyumba,

Hospitali ya kampuni inatunza mfanyakazi, bibi yake na watoto wake. Lakini katika jamaa zetu kuna pia mama mzazi, mkubwa, shemeji. Hao wakipata ugonjwa wa kupasuliwa, sisi wenyewe ndio tunalipa. Tena kuna wafanyakazi wanaochagua munganga wa nje kwa feza yao. Somo la leo ni la hao wote.

Mwenzetu mmoja wa Kolwezi alipeleka mkubwa wake Lubumbashi kupasuliwa ngiri (hernia). Alikusanya feza kwa miezi saba. Munganga alifanya kazi yake vizuri, lakini feza yote iliisha siku ileile. Siku ya tatu hapakuwa tena na chakula. Wakapanda kamyo, mgonjwa akakaa juu ya magunia, njia ya kilometa karibu 300. Usiku kidonda kikafunguka. Nilimwona siku ya tano, ana homa kali na usaha unatoka. Alipona, lakini deni la mara ya pili lilipita feza ya mara ya kwanza. Munganga hakukosa, hesabu yetu ndiyo ilikosa.

1. MBELE YA KUONDOKA

Gawanya feza katika mafungu matatu:
– fungu la kupasuliwa: munganga, dawa ya kulaza, kitanda, dawa, damu kama inahitajiwa;
– fungu la kungoja: chakula, pa kulala kwa mgonjwa na mtunzaji wake, kufunga kidonda, safari ya kurudi;
– fungu la akiba, ambalo haliguswi mpaka nyuzi zimetolewa.

Kama fungu la pili na la tatu hayapo, na ugonjwa si wa haraka, ngoja kidogo. Lakini ngiri ikikazana, ikiuma sana na kukataa kurudi ndani, na mgonjwa anatapika, usingoje feza: kimbia hospitali ya karibu saa ileile.

Anayevuta sigara aache mbele, juma nne ikiwezekana. Kidonda chake kitapona vizuri zaidi.

2. JUU YA ASIRANSI NA KARTASI

Wengi wanafikiri asiransi (bima) ya safari italipa kila kitu. Mara nyingi hailipi upasuaji uliopangwa, tena inaweza kukataa matata yanayotoka katika upasuaji huo. Uliza mbele ya kulipa, na jibu lao liandikwe.

Ukienda Zambia au Afrika ya Kusini, angalia kartasi ya sindano ya homa ya manjano. Inaanza kuwa na nguvu siku 10 nyuma ya sindano. Tangu mwaka 2016 inatosha kwa maisha yote.

Mfanyakazi anayepasuliwa nje aone munganga wa kampuni mbele ya kuondoka, juu ya siku zake za kupumzika. Akirudi, alete kartasi inayosema walimpasua nini, siku gani, na dawa gani walimpa.

3. KURUDI NYUMBANI

Usipange siku ya kurudi peke yako. Munganga aliyepasua ndiye atasema. Kwa ndege, upasuaji mkubwa wa tumbo unaomba kungoja karibu siku 10. Kwa motokari, mgonjwa akae kwenye kiti, si juu ya mizigo. Kila saa moja au mbili asimame, atembee kidogo, anywe maji. Kukaa muda mrefu bila kutikisika kunaweza kugandisha damu katika mguu, na damu hiyo ikipanda mapafuni inaua.

4. KAZI

Kidonda kikifunga juu, ndani hakijakomaa bado. Nyuma ya ngiri, mgonjwa asinyanyue kitu kizito kwa juma nne mpaka sita: si gunia la mkaa, si ndoo ya maji, si chuma cha kazi. Mwambie kapita wako kweli, mukubaliane juu ya kazi nyepesi.

ALAMA ZA HATARI

Rudi kwa munganga bila kuchelewa ukiona:
– homa, usaha, ao kidonda kinazidi kuwa chekundu na kuuma;
– damu isiyokoma;
– mguu mmoja umevimba na kuuma;
– maumivu ya kifua, ao pumzi fupi;
– kutapika bila kukoma, ao mkojo umefungika.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

Nani atatunza mgonjwa siku 10 za kwanza? Watalala wapi? Fungu la akiba linashikwa na nani?

Kama jibu moja linakosa, bado hamjawa tayari kwa safari. Pita kwanza kwetu kwenye dispensari, tufanye hesabu pamoja. Kuuliza hakulipiwi.