Macho ya Dereva wa Nyumbani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Makanya

Wanaotangulia kujua kwamba macho ya dereva yamepungua ni mke, watoto na utingo. Trafiki hajui. Baba anauliza, "Kile kilichosimama pale ni nini, ng'ombe?" Jioni ikiingia anatafuta sababu ya kulala Same. Akipishana na lori lililowasha full, anakanyaga breki na kusubiri lipite. Kioo cha pembeni kina mchubuko ambao hakuna aliyeona ulivyotokea. Kijitabu hiki ni cha hao wanaoona dalili wakanyamaza.

Barabara yetu

Kati ya Hedaru na Same barabara kuu imenyooka na magari yanakimbia. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mabasi, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde mbili kutambua kitu, ameshasogea mita 44 kabla ya kugusa breki. Na vya kutambua ni vidogo: matawi yaliyowekwa kwenye lami kuonya kwamba kuna lori bovu mbele, mbuzi wa nyuma kabisa anayewafuata wenzake, bodaboda isiyo na taa. Tangu 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo taa kali za kupishana nazo hazikosekani.

Tusiyasingizie macho kila kitu. Juni 28, 2025, basi na Coaster viligongana eneo la Sabasaba, Same, wakafa watu zaidi ya 35. Taarifa za awali zilitaja tairi lililopasuka. Ila macho yana ubaya wake: yanapungua polepole, na mwenyewe anazoea.

Yanayoharibu kuona

Kijana wa bodaboda anayepandisha abiria Suji anaweza kuwa haoni mbali tangu shule, na hajawahi kupimwa. Huyo anahitaji miwani tu. Mzee anayeona ukungu, na taa za usiku zikimtawanyikia machoni, huenda ana mtoto wa jicho; upasuaji humrudishia uoni, na matone ya dukani hayaondoi mtoto wa jicho.

Presha ya macho ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mara nyingi haiumi. Inakula uoni wa pembeni kwanza, hivyo dereva anaona lami vizuri na asimwone mtoto anayetokea kando. Kilichopotea hakirudi, dawa huzuia kilichobaki kisipotee. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua ugonjwa huu apimwe mapema. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Miwani ya kusomea inayouzwa gulioni inafaa kwa Biblia, Kurani na simu. Ukiendeshea gari, mbali panakuwa na ukungu. Na usinunue matone ya macho bila kupimwa: baadhi yana dawa ambayo, ikitumiwa muda mrefu, hupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho.

Kipimo cha uani

Mchana, simamisha gari na uhesabu mita 20. Dereva asome namba ya gari ambayo hajaikariri, kwa jicho moja moja, kisha yote mawili. Uingereza hutumia umbali huo kwa kila anayetahiniwa udereva. Akishindwa, aende kupimwa kabla ya kushika tena usukani. Akifaulu, hilo halithibitishi kwamba hana presha ya macho.

Asipoendesha, ataendaje?

Hapa ndipo maneno huwa magumu. Mzee akiacha gari, nani atapeleka tangawizi sokoni, nani atampeleka bibi hospitali? Basi la mbali likijaa halisimami Makanya. Treni ya abiria ilirudi katika reli inayopita hapa kwetu mwishoni mwa 2019, lakini haiji kila siku. Ndiyo maana watu huendesha hali hawaoni, na kuwaita wakaidi ni kuwaonea. Kabla hamjamwomba funguo, pangeni safari: kijana mwenye leseni aendeshe gari lilelile, mzee akae mbele kama mwenye mali, majirani wachangiane mafuta siku ya gulio, safari za lazima zifanywe mchana. Serikali ya kijiji nayo iulizwe kuhusu usafiri wa wagonjwa, maana familia moja haiwezi kujaza pengo hili peke yake.

Siku ya kliniki

Anzeni zahanati ya karibu au Hospitali ya Wilaya ya Same, muulize siku ya kliniki ya macho. Mgonjwa anayehitaji zaidi hupelekwa KCMC, Moshi. Beba miwani ya zamani na dawa zote unazotumia. Dereva asijiendeshe siku hiyo: matone ya kupanua mboni huacha macho na ukungu kwa saa kadhaa.