Nilipona Saratani Utotoni, Mbona Hofu Haiponi?

SWALI: Daktari, mimi ni msichana wa miaka 20, mwanachuo wa ualimu hapa Tanga. Nilipokuwa na miaka 7 nilivimba taya, nikapelekwa Muhimbili, nikatiwa dawa za mishipa kwa miezi kadhaa hata nikapona. Tangu mwaka jana nina kitezi shingoni, hakikui wala hakipungui, nacho nakipapasa kutwa kucha. Nimepimwa damu, nimepigwa picha, naambiwa sina kitu. Nafarijika siku mbili tatu, kisha hofu inarudi. Nyumbani mama hataki hata ugonjwa ule utajwe. Je, umerudi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwanangu, umeuliza bila ya kuzunguka, nami sitakuzungusha: ingawa barua si badala ya mkono wa tabibu, katika hayo uliyoyaeleza sioni dalili ya kurudi kwa maradhi yale.

Kwa umri uliokuwa nao na mahali uvimbe ulipoanzia, yamkini uliugua ile limfoma iliyopewa jina la Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ayalandi aliyewaona watoto wenye mataya yaliyovimba katika hospitali ya Mulago, Kampala, akaandika habari zao mwaka 1958. Hiyo ni saratani yenye haraka kupita karibu zote tuzijuazo, hata uvimbe wake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na haraka hiyo hiyo iliyowatia wazazi wako fadhaa, leo ni hoja ya kukutuliza, kwani kitu chenye mbio namna ile ni muhali kikae shingoni mwaka mzima kwa kipimo kimoja. Tena maradhi hayo, yakiwa ni ya kurudi, aghalabu hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na aliyevuka miaka miwili akiwa salama huhesabiwa kuwa amepona, sembuse wewe uliyekwisha kuvuka kumi. Vitezi vidogo vya shingo huvimba kwa jino bovu, kwa koo, kwa vidonda vya kichwani, kama mitoki inavyotoka kinenani mtu akijikwaa mguu, na vingine hubaki vikipapasika muda mrefu baada ya sababu yake kwisha. Navyo vikibonyezwa kila saa huuma, na maumivu hayo yakawa shahidi mpya wa uongo.

Hata hivyo najua kwamba hoja peke yake haiondoi hofu. Kama ingeiondoa, majibu ya vipimo vyako yangekwisha kukutosha. Wewe ulifunzwa ungali mdogo, na kwa gharama kubwa, kwamba uvimbe ambao pengine watu wazima waliudhania kuwa ni jino waweza kuwa jambo la kufa na kupona, na huenda wodini ulikuwa na wenzako wasiorejea makwao. Basi si upumbavu, wala si uchache wa imani, moyo wako ukishtuka kwa jambo ambalo mwingine hulipuuza. Wako waliopona kama wewe ambao hofu hiyo hiyo huwafanya waikimbie hospitali kabisa, na hao hunitia wasiwasi zaidi kuliko wewe. Lakini hofu nayo hufanya kazi mwilini: moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, tumbo husokota, na mwenye kuogopa huyachukua hayo yote kuwa ni ugonjwa, akakimbilia kipimo kingine, akapata faraja ya siku mbili, kisha akaihitaji tena.

Dawa yake, kwa hiyo, si kipimo cha kumi. Jiwekee siku moja kwa juma ya kujigusa shingo, na baadaye siku moja kwa mwezi. Na mkono ukitaka kwenda siku isiyo yake, uahirishe robo saa ukiwa katika shughuli, nawe utaona kwamba hamu ile hupanda, kisha hushuka yenyewe. Hilo si sahali kulifanya peke yako. Nenda hospitali ya mkoa, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, usione haya, kwani mazungumzo yenye utaratibu huitibu hofu ya namna hii, na wachache huhitaji vidonge pia. Mama yako simlaumu, maana aliyekesha kando ya kitanda cha mtoto ana jeraha lake. Ila mwambie kwamba kimya chake kinakutisha kuliko jina lenyewe.

Kisha zijue dalili za kukupeleka kwa daktari bila kungoja: tezi inayokua, au ngumu isiyosogea, jasho la usiku la kulowesha shuka, kukonda bila sababu. Homa ikikushika, pima malaria siku hiyo hiyo, kwani huko Tanga hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa si malaria na homa haitoki, rudi.

Limebaki moja, nalo naliona kuu kuliko yote. Nenda pale ulipotibiwa, uombe muhtasari wa matibabu yako, wenye majina ya dawa na vipimo vyake, kwa sababu ile dawa nyekundu ya mishipa, ikiwa ulitiwa, yaweza kuacha taathira moyoni baada ya miaka mingi, na inafaa moyo uchunguzwe kwa utaratibu utakaopangiwa na daktari. Usingoje mpaka hofu ikupande tena: omba karatasi hiyo mwezi huu, uandamane na mama yako.